Mwalimu Aliyechoma Sate Kilburn

Sote tulimwita Mwalimu, ingawa katika miaka yote niliyomjua London sikupata kumwona na chaki mkononi. Nilimwona na kipepeo cha ukindu cha kupepea moto. Alisimama nyuma ya jiko la mkaa, jiko refu na jembamba kama mfereji, katika ua wa nyuma ya duka la Mhindi mmoja wa Mombasa pale Kilburn. Alipepea kwa mkono wa kushoto na kugeuza vijiti kwa mkono wa kulia. Macho yake hayakuwa kwenye nyama wala kwenye moto, bali kwenye midomo ya mtu aliyekuwa akisema naye.

Wageni walidhani anawachunguza. Mimi siku ya kwanza nilidhani ana neno na mimi, nikawahi kutoa salamu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Rejea."

"Shikamoo."

"Marahaba. Ukisema na mimi, simama kulia. Kushoto hapana mtu."

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Lilikufa Unguja, katika miezi ya baada ya Mapinduzi, ndani ya chumba ambacho hakupata kumweleza yeyote. Ukimwuliza lilikufaje alisema neno moja tu: "Kofi." Ukimwuliza kofi la nani, alisema, "La mtu niliyemfundisha kusoma," na hapo hapo alikupa kazi: kamenye vitunguu, kaloweke vijiti. Hatukuuliza tena.

Mimi nilitoka Wete kumfuata mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi za uwanjani Wembley. Mume wangu ndiye aliyenipeleka kwa Mwalimu, kwa kuwa nilikuwa nashinda chumbani peke yangu nikisikiliza mabomba ya maji ukutani. Mwalimu alitaka mtu wa kutwanga njugu, karanga za mchuzi wake, Ijumaa na Jumamosi. Alinitazama mikono, akaniuliza kama najua kinu. Nikamwambia Pemba nzima inajua kinu. Akasema, "Pemba nzima sitaki. Nakutaka wewe."

Namna alivyoijua sate, nyama ya vijiti ya Kimalei, alikuwa akiieleza kwa mafungu, kila siku kipande, na daima huku akifanya jambo jingine. Alitoka nyumbani kwa meli, akiosha vyombo jikoni. Akaugua homa, wakamteremsha Singapuri wakamwacha. Mzee mmoja wa Kimalei aliyekuwa akichoma sate kando ya njia akamchukua, akamlaza chini ya meza yake mpaka homa ikamwacha. Mzee hakujua Kiswahili na Mwalimu hakujua Kimalei. "Tulikutana kwenye bismillahi na kwenye mkaa," alisema. Alikaa naye misimu kadhaa, na alipoondoka alikuwa na kazi mkononi ambayo hakuna Mzanzibari mwenziwe aliyekuwa nayo.

Watu wetu hawakumwelewa upesi. Walikuja wakiwa na hamu ya mishkaki, vipande vikubwa vya nyama ya ng'ombe vilivyolala kwenye ukwaju na tangawizi, wakakuta vijinyama vyembamba, kila kimoja kama kidole gumba cha mtoto, vya kimanjano kwa bizari na vinanukia mchaichai.

"Mwalimu, mishkaki yako mbona imekonda?"

"Si mishkaki hii. Mishkaki ya kwetu unapigana nayo. Hii ukipigana nayo, basi nimekosea mimi."

Alipakaza tui la nazi juu ya nyama kwa bua la mchaichai alilolipondaponda ncha likawa kama brashi. Tui likidondoka kwenye mkaa, moshi ulipanda hadi kwenye madirisha ya ghorofa ya pili, na bibi mmoja wa Kiingereza alikuwa akifungua dirisha lake na kutupigia kelele. Mwalimu alimwinamia kwa heshima kama anavyomwinamia mkaguzi wa skuli. Siku moja alimpelekea vijiti sita juu ya sahani. Kelele hazikwisha, lakini tangu siku ile yule bibi alianza kwa kusema "Good afternoon."

Lakini jambo lenyewe lilikuwa mchuzi wa njugu. Nyama, alisema, kila mtu atachoma. Njugu alizikaanga kavu mwenyewe, akizisikiliza kwa sikio la kulia mpaka zianze kupasuka. Mimi nilizisugua maganda na kuzipeta kwenye ungo uani, maganda mekundu yakaruka kwenye nguo za majirani zilizoanikwa. Halafu kinu. Nikitwanga mno, alinisimamisha: "Unataka poda? Nunua ya mtoto." Nikitwanga kidogo, aliokota punje moja na kunionyesha bila ya kusema. Viungo vilikaangwa peke yake: vitunguu, mchaichai, pilipili kavu, giligilani. Kisha njugu, kisha tui, ukwaju na sukari guru, moto mdogo, mpaka mafuta mekundu yapande juu. "Mchuzi usiotoa mafuta ni uji," alisema. "Uji mpe mgonjwa."

Alikuwa mtu wa kinyume na nafsi yake. Alikataza porojo karibu na jiko, lakini kila jioni aliibandika redio kwenye sikio lake zima kutafuta habari za Unguja, na akizipata alikasirika, na asipozipata alikasirika zaidi. Hakupata kumnyanyulia mtu mkono, lakini ulimi wake ulikuwa ukichuna ngozi. Hakusamehe kosa la lugha. Mtu akisema "nimeshakula tayari," Mwalimu aliacha kupepea: "Umeshakula, au tayari? Chagua." Wazee wa Kizanzibari walimwomba mara nyingi awasomeshe watoto wao Kiswahili Jumapili, maana watoto walikuwa wakisemeshwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Aliwakatalia wote.

"Nilisomesha," alisema, akagusa sikio la kushoto. "Matokeo haya hapa."

Sasa niseme la arusi.

Arusi ilikuwa Wembley, mchana, katika ukumbi wa kukodi. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyoambiwa. Mwalimu aliweka jiko nje, kwenye mlango wa nyuma, na mimi nikakaa ndani kwenye meza ya kugawa, na sufuria la mchuzi mbele yangu na upawa mkononi. Ilikuwa miezi yangu ya mwanzo London. Kiingereza changu kilikuwa maneno machache niliyoyapata skuli Wete, na mengine ya dukani. Nilikuwa na njia yangu ya kupita: mtu akiniuliza nisichokifahamu, nilicheka na kusema "No, no" au "Yes, yes," kwa kumtazama uso anataka lipi.

Akaja mtoto wa kike, wa miaka kama kumi, gauni la manjano, nywele zimesukwa kwa utepe. Nyuma yake watu walikuwa wakisukumana na sahani zao. Alinitazama kwa adabu sana.

"Has it got nuts in it?"

Nuts mimi nilizijua kuwa ni nati. Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli, na nati zilikuwa zimejaa kopo zima sebuleni kwetu. Njugu kwa Kiingereza nilifunzwa ni groundnuts. Picha yake ilikuwemo kitabuni, mmea na mizizi yake. Nikadhani mtoto ananitania, au ameona chuma kimeanguka chakulani. Nikamwinamia. Akarejea taratibu, kama mtu aliyezoea kurejea:

"Nuts. Are there any nuts?"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema, "Bibi, tugaie, tuna njaa!" Watu wakacheka. Nikaona haya. Nikacheka na mimi.

"No, no," nikamwambia. "Very nice."

Nikamtilia mchuzi juu ya vijiti vitatu. Akasema thank you, akaenda.

Sikumwona alipoanguka. Nilisikia kiti, kisha nikasikia sauti ya mwanamke ambayo mpaka leo sijaisahau. Nilipofika, mtoto alikuwa chini, midomo imevimba, shingo imevimba, mikono yake inakwangura gauni kifuani. Mama yake alikuwa amepiga magoti, ameshika kijiti cha sate mkononi, anakinusa.

"Njugu! Kala njugu! Nani kampa mwanangu njugu?"

Hapo ndipo neno liliponifikia. Lilinipata taratibu, kama maji ya moto yanayopenya nguo kabla hayajafika mwilini.

Gari la wagonjwa lilikuja. Walipokuwa wakimtia mtoto kwenye machela, yule mama aligeuka akatukabili sote tuliokuwa tumesimama na sahani.

"Mwanangu huuliza! Nimemfunza kuuliza kabla ya kutia kitu mdomoni! Ameuliza! Nani aliyemwambia hamna?"

Nilifungua mdomo. Karatasi zangu za kukaa zilikuwa hazijatoka. Nilimwona polisi mlangoni, au nilidhani ni polisi, na kumbe alikuwa bawabu wa ukumbi. Mdomo ukabaki wazi, pasitoke kitu.

"Ni mimi," alisema Mwalimu.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kipepeo mkononi, moshi nyuma yake. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Alipita jikoni mtoto wa gauni la manjano. Alisema kitu upande huu." Akaonyesha kushoto. "Sikumsikia. Nilitikisa kichwa."

Hakuwa akinikinga. Nataka hilo lifahamike, kwa sababu baadaye wako waliosema Mwalimu ni mtu wa kubeba ya watu. Hakujua kama kuna mtu wa kukingwa. Aliamini. Mtoto pengine alipita kweli pale jikoni, pengine alimuuliza kweli, sijui. Ninalolijua ni kwamba jawabu alilolila lilikuwa langu.

Siku mbili tulikaa kwenye ukumbi wa hospitali, yeye na mimi, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja. Jamaa za mtoto walikaa upande wa pili. Hakuna aliyetupa salamu. Mwalimu hakula. Kila mlango ulipofunguka alinyanyuka, akakaa tena. Siku ya pili jioni alisema, si kwangu hasa:

"Akifa, nitakwenda mwenyewe kwa polisi. Nisije nikasubiri kuitwa."

Nikasema, "Mwalimu." Akageuza sikio la kulia, akanitazama midomo, akangoja. Alingoja vizuri, kama alivyokuwa akingoja mwanafunzi mzito. Nikasema, "Kunywa chai." Akachukua kikombe.

Asubuhi ya tatu mtoto alifumbua macho. Mama yake alitoka, akaja mpaka mbele ya Mwalimu, akasimama.

"Amezinduka. Sasa nenda kwako. Na nisikuone tena."

Mwalimu alimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale, watu wote wakamwangalia. Kisha akaenda zake kwa miguu hadi Kilburn. Mimi nilimfuata nyuma, hatua kumi, njia nzima.

Baada ya hapo hakupika tena mchuzi wa njugu. Alichoma sate na kuitoa kwa ukwaju na pilipili. Watu walikula mara moja, hawakurudi. Wengine hawakuja kwa sababu ya maneno, maana London ni kubwa lakini sisi ni wachache, na habari ilifika mpaka kwa watu wasiomjua: yule Mwalimu kiziwi aliyetaka kuua mtoto wa watu. Mwalimu alimuuliza kila mtu mara tatu: una maradhi gani, hukatazwi kitu, una hakika? Wageni walichoka. Mhindi wa Mombasa, aliyekuwa mtu mwema, alimwambia polepole kwamba anautaka ua wake. Jiko lilisimamishwa ukutani likaota kutu.

Mimi niliendelea kwenda kwake kila Ijumaa. Nilimpelekea pilau, nilimfulia mapazia, nilimsomea barua za serikali Kiingereza changu kilipokaa sawa. Akahamia Thamesmead, ghorofa ya sita, nami nikapanda treni na basi. Kila mtu alinisifu. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni, "Bibi huyu ndiye aliyebaki," na mimi niliinama kwenye sufuria nikajifanya naonja chumvi. Nilijiambia ninamlipa. Kumbe nilikuwa nikihakikisha tu kila wiki kwamba hajui.

Watoto wangu wakakua. Nikapata kazi ya kulea wazee katika nyumba moja ya mashariki ya London. Kazi yangu ya kwanza kwa kila mgeni ilikuwa kumuuliza chakula gani kinamdhuru na kuandika jawabu kwenye fomu. Nikifika kwenye kisanduku kile niliuliza mara tatu kabla ya kuandika. Wenzangu walidhani ni uangalifu.

Ijumaa moja, mchana, nilimkuta Mwalimu ameketi mezani, karatasi nyeupe mbele yake na kalamu juu yake. Alikuwa mzee sana sasa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka.

"Kaa kulia," alisema. "Nataka uniandikie. Barua kwa yule mama. Nimepata anwani yake kwa watu. Sitaki kufa na kimya hiki."

"Mama gani?" nikauliza, na nilijua.

"Mama wa yule mtoto. Andika. Kwa heshima zote, mimi ndiye niliyeulizwa na mwanao, nikamwambia hamna..."

Niliandika "Kwa heshima zote." Niliandika "mimi." Kalamu ikasimama.

"Mimi ndiye niliyeulizwa," akarejea, akidhani sikusikia.

"Si wewe, Mwalimu."

"Rejea."

"Si wewe uliyeulizwa. Niliulizwa mimi. Mezani. Alisema nuts, sikulijua neno, nikamwambia hamna. Mara mbili aliniuliza."

Alikuwa akinitazama midomo. Aliendelea kuitazama baada ya mimi kwisha kusema, kama kwamba kuna neno jingine litatoka nyuma ya lile litakalolibadilisha. Halikutoka.

"Hospitali ulijua?"

"Nilijua."

"Uliponiambia ninywe chai, ulijua."

"Nilijua."

Alinyanyuka akaenda dirishani. Nilitaka anitukane. Ulimi ule niliouogopa miaka yote, niliutamani uje. Alisema bila ya kugeuka:

"Sikio hili. Nililichukia kuliko nilivyomchukia aliyenipiga. Yeye nilimsamehe, unajua? Nilimsamehe zamani. Sikio sikulisamehe."

Nililia. Hakuniambia nyamaza.

Akarudi mezani, akaichana ile karatasi, akaniwekea nyingine.

"Andika yako. Jina lako, si langu."

Niliandika. Machozi yalidondoka nikayafuta kwa ncha ya mtandio. Chini niliweka jina langu na nambari yangu ya simu. Nilipomaliza nilimpa, akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akasimama kwenye mstari mmoja. Akachukua kalamu kwa mkono ule unaotetemeka akaupigia mstari chini yake.

"Umeandika 'mtoto aliambiwa hamna.' Aliambiwa na nani?"

"Na mimi."

"Yuko wapi mtenda? Sentensi hii haina mtu. Kila mtu anaweza kupita humu akatoka."

Nikaifuta. Nikaandika, *Nilimwambia hamna.*

Akasoma tena. "Hapo sawa," akasema. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akanipa. "Kaitie posta. Sasa nenda."

"Mwalimu, nikupashie chakula kwanza..."

"Nenda."

Niliitia barua kwenye sanduku la posta la kwanza nililoliona, nisije nikapata muda wa kufikiri ndani ya basi. Nilimweleza mume wangu siku ile ile. Akasema, "Miaka yote hii ulikuwa unalala ubavuni mwangu na hilo?" na hakunigusa mpaka Jumapili.

Jumatano simu ikalia. Sauti niliijua kabla haijajitaja.

"Nimeisoma," alisema yule mama. "Mwanangu mzima. Ana mtoto wake sasa. Wewe sina la kukwambia, labda siku moja nitakuwa nalo. Lakini yule mzee nilimfukuza hospitali mbele ya watu. Mwambie..." Nilimsikia akipumua. "La. Usimwambie kitu. Nipe nambari yake, nitamwambia mwenyewe."

Nikampa.

Alimpigia au hakumpigia, sikujua, na sikuwa na haki ya kuuliza. Alhamisi nilipika pilau, nikaimwaga, nikapika tena. Ijumaa nilipanda treni na basi kama kawaida. Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi za ghorofa sita, chombo cha chakula kikinichoma mkono kupitia kitambaa.

Nikabisha. "Hodi."

Ndani nilisikia redio, kisha redio ikazimwa.

"Hodi, Mwalimu."

Kimya. Kwetu hodi ni tatu. Baada ya ya tatu mtu hugeuka akaenda zake, na hana ruhusa ya kuona vibaya. Niliweka chombo chini ili mikono iwe mitupu. Nikasogea upande wa kulia wa mlango.

"Hodi," nikasema.

Nikasikia mnyororo wa mlango ukitolewa.